Waliosimama Kichwani mwa Ingobyi

Katika Kikundi cha Ingobyi cha Kirushya Juu kura haikupigwa kwa karatasi wala kwa kunyoosha mkono. Ingobyi yenyewe ililazwa chini katikati ya uwanja, kichwa kikielekea kanisani na miguu ikielekea bondeni, kisha mwenyekiti akauliza swali. Aliyesema ndiyo alikwenda kusimama upande wa kichwa. Aliyesema hapana alikwenda upande wa miguu. Hapo hakuna aliyeweza kujificha nyuma ya jirani yake. Ukishasimama umeonekana, na wiki nzima kisimani watakukumbusha ulisimama wapi.

Kwa ambaye hajaishi vilimani kwetu, ingobyi ni machela ya kusukwa, mfano wa kikapu kirefu kinachomwenea mtu mzima akiwa amelala, chenye miti miwili ubavuni inayokaa mabegani mwa wanaume wanne. Kilima kizima kilikuwa na moja. Mtu akizidiwa na ugonjwa, filimbi ilipulizwa na wanaume wakaacha majembe shambani. Aliyesikia filimbi asitokee alitozwa mtungi wa pombe ya ndizi, na pombe hiyo waliinywa wote isipokuwa yeye. Tena, mtu yeyote aliyekutana na ingobyi njiani, awe anatoka sokoni au anakwenda harusini, alitua mzigo wake akatia bega kwa kipande cha njia. Hilo halikuwa kwenye katiba ya kikundi. Watu walizaliwa wakalikuta.

Ingobyi ya Kirushya Juu ilisukwa na marehemu Matiasi, na mjane wake Secilia ndiye aliyeitunza. Ilining'inia jikoni kwake, juu ya moshi, kwa sababu moshi huwafukuza wadudu wanaotoboa fito. Kila ilipoteremshwa aliinyunyizia maji kwa kitawi cha majani ili isikatike kwa ukavu. Kwenye ukingo wa kichwani Matiasi alikuwa amezungusha mstari mweusi wa mikunjo mikunjo, wa nyuzi za mgomba alizozizika kwenye tope la bondeni mpaka zikashika rangi. Msukaji mwingine hakuwa na mstari huo. Secilia alipoulizwa njiani, "Ingobyi ya nani hii?" alijibu kabla swali halijaisha: "Ya Matiasi wangu."

Mambo yalikuwa hivyo mpaka ulipokuja mwaka wa tisini na tano. Miaka ile wakimbizi walikuwa wamejaa Ngara. Penye majani jana, leo palikuwa na mji wa maturubai, na barabara zilipitwa mchana kutwa na magari meupe yenye antena ndefu zinazotikisika kama mikia ya ng'ombe. Danstan, kijana wa kilima hichohicho, alipata udereva wa gari moja la wagonjwa. Nesi wake, mzungu mwembamba aliyeitwa Marit, alikuwa mtu mwema kwelikweli. Alipomaliza ya kambini alimruhusu Danstan apitie vijijini, na wagonjwa wa Kirushya Juu wakaanza kushuka kwa gari. Kiangazi kizima filimbi haikulia. Mabega ya wanaume yakapona sugu.

Basi siku ya mkutano Danstan akasimama, ufunguo wa gari ukining'inia kidoleni.

"Mwenyekiti, naomba kutoa hoja."

"Toa," akasema Mzee Telesfori. Yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti, mtu aliyekaa miaka mingi kwenye chama cha ushirika cha kahawa akajifunza huko kwamba mkutano usio na taratibu ni kelele za sokoni. Kwa Matiasi alikuwa kama ndugu, ndiyo maana Secilia alimwita shemeji.

"Wazee wangu, shikamooni. Nyinyi mnatoka na mgonjwa alfajiri, mnafika hospitalini jua liko utosini, naye ametikiswa mpaka amesahau alikuwa anaumwa wapi."

Watu wakacheka, wengine wakijishika mabega kwa kukumbuka.

"Gari linafika kabla chai haijapoa. Kwa hiyo hoja yangu ni hii. Kikundi kipumzike kubeba, na ingobyi tumpe Nesi Marit, iwe shukrani yetu. Ameipenda sana. Anasema kwao kuna nyumba kubwa ya kuhifadhia kazi za mikono za watu wa dunia nzima. Itatundikwa humo, na chini yake litaandikwa jina la aliyeisuka. Matiasi wa Kirushya. Kwa herufi kubwa."

Secilia, aliyekuwa ameketi kwenye mkeka na miguu ameinyoosha, aliikunja.

Katibu wa kikundi, Deodata, alikuwa dada mdogo wa Matiasi, mwanamke mnene mwenye sauti inayofika kilima cha pili. "Nesi tumshukuru kwa kuku," akasema. "Kuku tunao."

"Mama, kuku atamtundika ukutani?" Danstan akamjibu, na kicheko kikawa kikubwa kuliko cha kwanza.

Hoja ikaungwa mkono, ikajadiliwa, ikafika kwenye kura. Watu hawakusogea. Walikuwa wakimtazama Secilia, maana ni nani angeitoa au kuizuia kazi ya Matiasi mbele ya mjane wake? Secilia akanyanyuka taratibu, akajikung'uta majani kwenye kitenge, akatembea mpaka upande wa kichwa na kusimama penye mstari mweusi. Nyuma yake wakafuata wajane, wakafuata wanaume waliochoka kubeba, wakafuata vijana. Upande wa miguu alibaki Deodata na wenzake wachache.

"Wifi," Deodata akamwita kutoka kule, "umekanyaga kichwa cha kaka yangu."

"Wifi, nimekipandisha juu," akajibu Secilia.

Telesfori akagonga kengele yake, kengele ya ng'ombe iliyokosa ng'ombe, akatangaza kwamba hoja imepita. Nesi angekabidhiwa ingobyi Jumapili ya pili, baada ya misa.

Kutoka hapo Secilia alitembea kama mtu aliyevaa viatu vipya. Kisimani, kanisani, mnadani, hakuna asiyesikia kwamba Matiasi anakwenda Ulaya. Aliiteremsha ingobyi kutoka kwenye moshi, akaiosha masizi, akabadilisha fito zilizochakaa, akaipaka samli kidogo mpaka mstari mweusi ukang'aa kama manyoya ya kunguru. Consolatha, mke wa mjukuu wake Pancras, alimsaidia kuigeuza, akihema, maana mimba yake ilikuwa kubwa. Alipitisha kiganja ndani ya ingobyi, pale mgongo wa mtu unapolala, akakiacha hapo kidogo.

Secilia alimwona, ila akajifanya anatafuta kisu.

Mvua za kwanza zilipoanguka alipata mtu wa kumsaidia kupanda maharage. Alikuwa mwanamke wa kambini aitwaye Mukandayisenga, mtaratibu, aliyefanya kazi kwa chakula cha mchana na ndizi za kupeleka kwa wanawe. Huyu aliongea Kinyarwanda na yule Kihangaza, na hakuna aliyehitaji mkalimani, maana lugha hizo ni kama watoto wa mama mkubwa na mama mdogo. Siku moja walipoketi barazani wakila, Mukandayisenga aliiona ingobyi imeegemezwa ukutani, safi, imepakwa mafuta. Akaacha kutafuna.

"Mama, nani anaumwa?"

"Haumwi mtu, mwanangu. Inasafiri. Inakwenda kutundikwa Ulaya." Akamweleza yote, la gari, la nesi, la herufi kubwa.

Mukandayisenga alisogea akaugusa ule mstari mweusi kwa ncha ya kidole. "Yetu ilikuwa na mwekundu," akasema.

"Iko wapi sasa?"

"Hatukuwa nayo tena, mama. Na sisi tulikuwa tumeletewa gari. Gari zuri. Ingobyi tukaianikia maharage, mvua ikainyeshea, ikaoza. Hakuna aliyejali. Siku mambo yalipoharibika dereva aliondoka na gari lake. Simlaumu, ana watoto. Mama yangu hakuweza kutembea. Tukang'oa mlango wa nyumba, tukambeba juu ya mlango." Akaonyesha upana kwa mikono yake miwili. "Mlango hauna kingo. Kila penye mteremko lazima mtu amshike miguu asiteleze."

Secilia aliuliza polepole, "Alifika?"

"Alifika mtoni."

Mwanamke yule akafuta mikono, akamshukuru kwa chakula, akarudi shambani. Kutoka barazani Secilia aliusikia mlio wa jembe lake, unaokwenda sawasawa.

Usiku ule mvua ilinyesha kama inayolipiza kiangazi. Asubuhi alitokea Danstan, suruali imelowa tope hadi magotini, viatu mkononi.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Gari liko wapi?"

"Bondeni. Udongo wa mteremko umekuwa sabuni. Nimepanda kwa miguu." Akacheka, maana alikuwa kijana wa kucheka. "Msiwe na wasiwasi, jua likiwaka siku mbili tatu litapanda."

"Na kama mgonjwa hawezi kusubiri siku mbili tatu?"

"Bibi naye! Atashuka bondeni, si ni hapo tu."

"Atashukaje, Danstan?"

Danstan akautazama ukuta pale ingobyi ilipokuwa imeegemea.

"Na hiyo kazi yenu," Secilia akaendelea, "ni ya mpaka lini?"

"Mkataba ni wa miezi michache. Huongezwa."

"Usipoongezwa?"

"Utaongezwa, Bibi."

Alipoondoka, Secilia alikaa na ingobyi kama mtu anayekaa na mgeni aliyeaga. Alikumbuka uzazi wa kwanza wa Consolatha, jinsi mtoto alivyokaa vibaya, jinsi filimbi ilivyolia wakati wa kukamua ng'ombe, na jinsi Pancras alivyobeba kwa zamu na wenzake akilia bila aibu. Walifika kwa kuwahi, na daktari aliwaambia wazi: huyu akishika mimba tena asizalie nyumbani. Sasa mimba ilikuwa imeshuka. Jumapili ingobyi ingeondoka. Hapo hapo aliliona jina la Matiasi kwenye ukuta mweupe wa nchi ya mbali, watu wenye kofia wakisimama kulisoma, na moyo wake ukaling'ang'ania jina lile kama mtoto anavyong'ang'ania titi. Alikuwa mjane wa msukaji wa kilima kimoja. Nani mwingine angemwandika Matiasi popote?

Jumapili ikafika. Baada ya misa watu walikusanyika uwanjani, ingobyi ikalazwa katikati, na habari zikaja kwamba Nesi Marit yuko njiani. Telesfori alipouliza kama kuna jambo kabla ya kukabidhi, Deodata alikuwa ameshasimama.

"Mwenyekiti, nataka kura ile irudiwe. Tulikosea. Mvua imetuonyesha. Gari limelala bondeni kama boga."

"Katibu, kaa."

"Sikai!"

"Basi simama, lakini hoja yako siipokei." Telesfori hakupandisha sauti. "Taratibu unazijua, umeziandika mwenyewe. Uamuzi uliopita kwa kura haufunguliwi na aliyeshindwa. Hufunguliwa na mmoja wa walioshinda. Wewe ulisimama miguuni. Na kipengele hicho kakako Matiasi ndiye aliyekidai, nyinyi mashahidi, alipochoka na watu wanaoshindwa leo na kesho wanarudi na maneno yaleyale."

Wazee wakaguna kukubali. Ilikuwa kweli.

"Lipo na jingine," akaongeza. "Uamuzi unatenguliwa ukiwa bado haujatekelezwa. Nesi akishaipokea ingobyi mikononi, hakuna cha kutengua. Hatuwezi kupiga kura juu ya mali ya mtu." Akawatazama waliokuwa wamesimama kichwani siku ile, mmoja mmoja, bila haraka. "Kwa hiyo nauliza mara moja tu. Kuna mmoja wa walioshinda mwenye neno?"

Wanaume walitazama kofia zao walizozishika. Si kwamba hawakuiona mvua. Lakini ni nani angeanza, mbele ya mjane aliyekuwa amepaka ingobyi samli na kuvaa kitenge chake cha Pasaka? Kumwondolea marehemu heshima mbele ya mkewe ni jambo zito. Bondeni, kwa mbali, ukaonekana mwamvuli mmoja ukipanda.

Secilia akasimama.

"Mwenyekiti, mimi nilisimama kichwani."

"Tulikuona, shemeji. Tena ulitangulia."

"Basi naomba kukifungua nilichokifunga. Natoa hoja uamuzi ule utenguliwe."

"Naunga mkono!" Deodata akapaza sauti, kilima cha pili nacho kikasikia.

"Katibu, ungoje niulize."

"Uliza basi, upesi, mwenzio nimeshajibu."

Kicheko kikapasuka uwanjani. Telesfori mwenyewe alijifuta mdomo kwa kiganja kuficha tabasamu, akauliza kama taratibu zinavyotaka, na Deodata akajibu mara ya pili. Kisha akaruhusu mjadala.

Danstan alisimama. Hakuwa na hasira, alikuwa na huzuni. "Bibi, mimi nilimtakia Babu mema. Jina lake lingesomwa na watu wa dunia nzima."

"Najua, mjukuu wangu, na mimi nililitaka. Bado nalitaka, nisikudanganye." Secilia alisogea penye ingobyi akainama, akaweka mkono kwenye mstari mweusi. "Lakini Babu yako angetaka kitu cha kutazamwa angesuka ungo wa mapambo, na alijua kuusuka. Hii alipoimaliza alilala ndani yake mwenyewe, uani kwangu, akajinyoosha. Nikamwambia toka humo, unakiita kifo. Akaniambia, 'Mimi ndiye mrefu kuliko wote hapa kilimani. Nikienea mimi, mmeenea wote.' Ndivyo alivyoipima. Kwa watu wa hapa. Sasa nimpeleke ukutani?"

Akajiinua, akawatazama waliomzunguka.

"Gari ni zuri. Nesi ni mwema, Mungu ambariki. Gari likija tutalipanda. Lakini gari lina mwenyewe, na mwenyewe ana mkataba. Hii haina mkataba. Na yule pale," akamwonyesha Consolatha aliyeketi kwenye kigoda, mikono juu ya tumbo, "siku yake ikifika mvua inanyesha, hataweza kupanda jina la Matiasi hata likiandikwa kwa herufi kubwa namna gani. Nimemaliza."

Telesfori akainua kengele. "Anayetaka uamuzi utenguliwe, kichwani. Anayetaka ubaki, miguuni."

Secilia hakuwa na pa kwenda. Alikuwa ameshasimama palepale, mahali alipokuwa amesimama mara ya kwanza, na safari hii pia watu walimfuata. Deodata alitoka miguuni kwake akaja mbio, na alipofika alimsukuma kwa nyonga. "Sogea, wifi, kichwa cha kaka yangu si chako peke yako." Wakaja wanaume, na hao ndio waliokuwa wengi, wakitembea wima kama watu waliotuliwa mzigo, ingawa walichopiga kura ni kuubeba tena.

Miguuni alibaki Danstan peke yake.

"Danstan," Telesfori akamwita, "unabaki?"

"Nabaki, Mzee. Hoja ilikuwa yangu, siwezi kuikimbia." Akazungusha ufunguo kidoleni. "Ila naomba iandikwe kwamba aliyepinga ni mmoja, na huyo mmoja atashika mti wa nyuma kushoto. Hapo ndipo pazito, na nyie wazee mmeshazoea chai."

Wakampigia vigelegele. Deodata akaandika.

Nesi Marit alifika akiwa ameshika viatu mkononi, tope mpaka kwenye magoti, mwamvuli umepinda. Telesfori alimkaribisha, akamketisha kwenye kiti pekee chenye mgongo, akamweleza yote bila kuzunguka, Danstan akitafsiri sentensi kwa sentensi. Alimwambia kwamba kikundi kilikuwa kimempa ingobyi kwa kura, na kwamba leo, kwa kura, kimeirudisha, kwa taratibu zake, kabla hajaipokea. Kwamba hawaoni haya kumwambia hivyo, maana yeye ni mtu wa kuambiwa ukweli.

Nesi alisikiliza. Aliitazama miguu yake, akaitazama njia aliyopanda. Kisha akauliza, "Mkimshusha mgonjwa, mnahitaji wanaume wangapi? Na mnataka gari liwasubiri wapi?"

Telesfori alimgeukia Secilia kabla ya kujibu, macho yanamcheka. Hapo hapo wakapatana: filimbi ikilia, mtu mmoja atakimbia kambini kutoa habari, na gari litasubiri ng'ambo ya daraja, mwanzo wa barabara nzuri. Kuku naye alitolewa. Wawili, tena.

Siku ya Consolatha haikuchelewa. Mtoto alizaliwa salama, wa kike, na tunalitanguliza hilo ili msomaji asiibebe hofu njia nzima, maana yenye kusimuliwa ni njia.

Filimbi ilipulizwa asubuhi yenye ukungu, mvua ikidondoka nyembamba. Secilia aliinyunyizia maji ingobyi kwa mazoea, ingawa mbingu zilikuwa zikifanya kazi hiyo. Consolatha akalazwa ndani, akafunikwa, akageuza uso upande wa mstari mweusi akaushika ukingo. Pancras mbele kulia. Danstan, ambaye siku hiyo alikuwa mapumziko, nyuma kushoto kama alivyoahidi. Wakashuka ule udongo wa sabuni wakikanyaga kwa visigino, wakiitana: shika, taratibu, jiwe, ruka. Wanawake walifuata na maji, nguo na uji, Secilia akiwa wa mwisho na fimbo yake.

Bondeni, kabla ya daraja, walikutana na kundi la watu wa kambini wakirudi kutoka kutafuta kuni, vichwa vimeelemewa. Walikuwa wageni, watu wa vilima vingine kabisa, waliofukuzwa na mambo ya kwao. Hakuna aliyewaita. Wanaume wao walipoiona ingobyi walitua kuni pembeni ya njia, bila neno, kama mtu anavyovua kofia kanisani, wakaja kutia bega. Mmoja wao, mwenye ndevu za mvi, alikuja upande wa Danstan. "Nipe, kijana. Umeshafanya." Wakabadilishana katika mwendo, na ingobyi haikutikisika hata kidogo.

Walikuwa wanajua. Hatua zao ziliingia katika hatua za watu wa Kirushya Juu kana kwamba walibeba pamoja tangu utotoni. Secilia, kule nyuma, alitazama mabega yale, mengine ya hapa, mengine ya ng'ambo, chini ya miti ileile, akasimama kidogo na kuegemea fimbo.

Mzee wa ndevu za mvi aligeuza shingo. "Mama, imekaa vizuri begani, hii. Haiumizi. Nani kaisuka?"

"Matiasi," akasema Secilia.

"Nani?" akauliza aliyebeba mbele, maana mvua ilikuwa inaongeza sauti.

"Matiasi!" mzee akamtupia mwenzake.

"Matiasi wa wapi?" akauliza mwingine, aliyekuwa akitembea kando akisubiri zamu yake.

"Wa Kirushya Juu!" Ilikuwa sauti ya Deodata, na bila shaka ilifika mpaka kambini.

Daraja likavukwa. Upande wa pili gari jeupe lilikuwa limewasha taa, na Nesi Marit alisimama mlangoni, mikono tayari. Secilia alikaza fimbo, akaharakisha awakute. Nyuma yao, pembeni ya njia, mizigo ya kuni ilikuwa imelala kwenye majani, ikiwangoja wenyewe.